Padi Iliyosemekana Imekufa



Baadhi yenu mtashangaa kutuona wiki hii tukiandika juu ya chombo cha kuchezea gemu. Mmetuzoea katika mirathi, katika mahari, katika ugomvi wa mawifi na namna ya kumwachisha mtoto ziwa. Nasi wenyewe, lau tungeambiwa mwaka jana kwamba tutaketi sebuleni baada ya alfajiri tukichungulia tundu lililo nyuma ya padi, tungecheka. Walakini mambo ya nyumbani hayabishi hodi kwa jina lake. Safari yetu ya Meru katika likizo ya Agosti ilitukalisha darasani juu ya jambo hili, na twaona yafaa tuwafikishie, kwani wengi wenu chombo hicho mnacho majumbani, na siku kitakapogoma mtaombwa pesa za kununua kingine. Iko na sababu ya pili, nayo itajitokeza yenyewe huko mbele.

Kwa asiyekijua, padi ni kile kitu cha mikono miwili, chenye vitufe na vijiti viwili vya kusukuma kwa vidole gumba, ambacho mtoto hukishika anapocheza mpira au mbio za magari kwenye televisheni. Vitabu hukiita kidhibiti. Watoto wetu wa Kenya hukiita padi, nasi tutawafuata. Zamani kilifungwa kwa waya kama mbuzi kigingini. Siku hizi hakina waya, na hapo ndipo matatizo yake yalipokuwa mengi kuliko ya rimoti ya televisheni.

Umbu letu mdogo ameolewa Meru mwaka wa 16 sasa, kwa mtu wa papo hapo mjini mwenye duka la vitambaa. Wana watoto watatu. Ami yao aliyeko Doha aliwaletea PlayStation 4 pamoja na padi moja, na mama yao akaweka sheria: Alhamisi jioni na Jumamosi, baada ya kazi za shule na juzuu ya chuoni, basi. Twaisifu sheria hiyo, na tunakiri kwamba kwetu Mombasa hatujaweza kuishika.

Wiki ya kwanza ya likizo kijana wetu mwenye miaka 17 alitangulia huko kuwatembelea, akakaa siku 4, akarudi kwa basi la Ijumaa asubuhi. Jioni ya Jumamosi mpwa wetu, mwenye miaka 12, akawasha mashine, na padi haikuitika. Akabonyeza, akatikisa, akapuliza, kimya. Nduguye wa kike mwenye miaka 6 akatoa ushahidi ya kuwa usiku wa Alhamisi alisikia kitu kikianguka chumbani. Mvulana akakiri kwamba padi ilianguka kweli, kutoka kitandani hadi kwenye zulia, na kwamba ilifanya kazi baada ya hapo. Nani amsadiki? Ikapelekwa kwa fundi mmoja, akaitazama kidogo, akasema bodi imeungua, nunueni nyingine. Nyingine ya asili ilikuwa zaidi ya shilingi 5,000, na shemeji yetu alikuwa katika kukusanya ada za muhula wa tatu.

Hukumu ikatoka. Mvulana ameharibu amana ya ami yake, na ameongeza juu yake uongo. Alikuwa ameahidiwa kuja nasi Mombasa wiki mbili za mwisho za likizo, kwa nyanya yake, kwa bahari na kwa binamu zake, ahadi ikafutwa. Sisi nasi tuliombwa tumnasihi kwa simu. Tukamnasihi robo saa nzima.

Tulifika Meru Ijumaa ya pili yake, kwa njia ya Embu na Chuka, baada ya kuteremka na kupanda yale makona ya Nithi tukiwa na dua midomoni. Agosti ya Meru ina baridi isiyomjali mtu wa pwani. Ukungu hukaa juu ya migomba mpaka jua lipande, na mama mkwe wa umbu letu alitucheka kwa kofia ya sufu tuliyovaa hata mezani. Tuliwapelekea papa mkavu na halua. Wakatuandalia mukimo na samaki wa kupaka kwenye sinia moja, na hapo mtaelewa jinsi nyumba hiyo ilivyo. Lakini mpwa wetu alikula upande wa ukutani, akanawa, akaingia ndani. Tukamwuliza mama yake. Akasema, "Kaka, muache. Siku akisema kweli atatoka."

Tulilala na neno hilo. Asubuhi, baada ya sala, tuliwakuta wawili tu wameamka: mvulana na bibi yake. Tukamwambia alete padi.

Wala si kwamba sisi ni mafundi. Ila katika kusoma kwetu fiqhi tulifundishwa kwamba kadhi hachanganyi madai mawili katika kikao kimoja. Na padi iliyogoma ina madai yasiyopungua manne: huenda haina chaji, huenda haioni mashine yake, huenda waya ni mbovu, huenda yenyewe imeharibika. Anayeyachanganya hubonyeza kila kitu kwa pamoja, na hata chombo kikipona hajui kilichokiponya. Sisi tulikata shauri kwenda moja moja, na kutobadilisha vitu viwili kwa wakati mmoja.

Kwanza tulibonyeza kile kitufe cha katikati chenye alama ya PS. Taa iliyo mbele ya padi ikapepesa mara kadhaa, nyeupe, kisha ikazima. Tukamtazama mvulana, naye akatutazama. Maiti hapepesi macho! Chombo ambacho bodi yake imeungua hakiwashi taa, hakipepesi, hakizimi kwa mpango. Padi hii ilikuwa ikiita na kutoitikiwa. Akina mama, ishara hii ishikeni: taa ikipepesa nyeupe kisha ikazimika, padi iko hai na yatafuta mashine isiyoipata. Ikiipata, taa hutulia katika rangi moja, buluu kwa mchezaji wa kwanza, nyekundu kwa wa pili, kijani kwa wa tatu, waridi kwa wa nne. Taa isipowaka kabisa, hapo ndipo muanze na chaji.

Na chaji tuliiangalia vilevile, tusije tukasema hatukuiangalia. Betri ya padi hiyo ni ndogo, ya miliampia-saa 1,000, chini ya ile ya simu nyingi za siku hizi, nayo huzeeka kama sisi. Ukiichomeka kwenye mashine iliyo katika hali ya kupumzika, taa hugeuka rangi ya chungwa, ikipanda na kushuka polepole kama kifua cha aliyelala, na huzima ikijaa. Kujaa huchukua kama saa mbili. Tulichomeka waya walioutumia hapo nyumbani; rangi ya chungwa ikaja, ikapumua. Basi betri yapokea umeme. Madai ya kwanza yakaondoka.

Madai ya pili yalihusu njia. Padi isiyo na waya husema na mashine kwa mawimbi ya redio, kwa lugha iitwayo Bluetooth, jina lililotokana na lakabu ya mfalme wa Denmark wa karne ya 10, Harald, anayejulikana kama Jino la Buluu. (Wazungu nao wana yao.) Mawimbi hayo hutembea katika masafa ya gigahezi 2.4, na tatizo ni kwamba si hayo peke yake yanayopita hapo. Wi-Fi nyingi hupita hapo. Jiko la maikrowevu hufanya kazi hapo hapo. Kwa hiyo Bluetooth hurukaruka baina ya mikondo 79, mara 1,600 kwa sekunde, ikikwepa zogo kama mama anayepita sokoni na mtungi wa mafuta kichwani. Hukwepa vizuri, ila si daima. Tunalo jirani mmoja Mombasa, mama mpenda nyumba, aliyeitia mashine ya wanawe ndani ya kabati la chuma ili isipate vumbi, na nyuma ya ukuta huo ndiko jikoni kwake. Kila akipasha sambusa moto watoto hupiga kelele kwamba padi imekatika. Alidhani wanamwonea choyo ya sambusa. Chuma huziba mawimbi, maikrowevu huyavuruga. Alipoitoa mashine kabatini na kuiweka mezani, kelele zilikwisha.

Lakini Meru mashine ilikuwa juu ya meza ya mbao, hatua tano kutoka kwenye kochi, na maikrowevu hawana. Hata hivyo tulizima mashine kwa utaratibu wake, tukachomoa umeme, tukangoja dakika chache, tukawasha upya. Padi ikapepesa, ikazima.

Ikabaki kuiunganisha kwa waya. Hapa lazima tufafanue kidogo, kwani ndipo kiini cha habari hii kilipo. Padi na mashine hazijuani kwa kuwekwa karibu tu. Yapasa kwanza zitambulishwe, na kitendo hicho wataalamu wa Kiswahili wamekiita kuoanisha, nasi twakiona kimepata jina lake hasa. Maana padi ya aina hii hushika anwani ya mwenzake mmoja tu kwa wakati mmoja. Akija mwingine ikaoanishwa naye, yule wa kwanza ameachika bila talaka wala eda. Ukimwita hakujui. Kuirudisha kwa mashine yake, utaichomeka humo kwa waya wa USB, ubonyeze kile kitufe cha PS, na kwa kawaida ndoa hurejea papo hapo.

Tukachomeka. Tukabonyeza. Hakuna lililotokea.

Mvulana akasema kwa sauti ndogo, "Na fundi alifanya hivyohivyo, mjomba." Waya ule ule? Ule ule, mama alimpelekea padi na waya wake.

Tulikumbuka lile tundu. Nyuma ya padi, karibu na kile kitufe cha begani kiitwacho L2, pana tundu jembamba, na ndani yake kitufe cha kuirejesha padi katika hali ya mwanzo. Unazima mashine, unaingiza ncha ya pini, unabonyeza kwa upole sekunde kama 5, kisha unachomeka waya na kujaribu upya. Bibi yake alitupa pini ya ushungi wake, akaja kusimama nyuma yetu kuangalia. Tukabonyeza, tukahesabu. Tukachomeka. Hakuna.

Tunakiri kwamba wakati huo nafsi ilianza kutuambia fundi amesema kweli, na kwamba mtoto ameiangusha padi vibaya kuliko alivyokiri. Maduka yalikuwa hayajafunguliwa, ukungu uko mlangoni, na mtoto amekaa mbele yetu akingoja tuseme kama walivyosema wenzetu. Kwa kukosa la kufanya tukamwambia alete mswaki mkavu na pamba, tuisafishe.

Hapa mtuwie radhi tuseme mawili matatu ya usafi, kwani katika nyumba zetu za pwani hayo ndiyo huua padi nyingi. Mtoto hula kaimati, hulamba vidole, hushika padi. Shira huingia chini ya kitufe, hukauka, na kitufe hakirudi. Vumbi na uchafu wa vidole huingia chini ya vile vijiti viwili, navyo pia husagika kwa ndani kwa kutumiwa sana, mpaka mchezaji aliye kwenye televisheni hujiendea peke yake hali hakuna aliyemgusa. Watoto husema padi ina jini. Haina jini. Huo ni uchakavu au uchafu, na uchafu waweza kutoka kwa mswaki mkavu na pamba iliyonyunyizwa spiriti kidogo, padi ikiwa imezimwa. Uchakavu hautoki kwa pamba, utabadilishwa kijiti na fundi. Na hewa ya chumvi ya kwetu hula vyuma vya tundu la chaji. Msiache padi dirishani.

Mvulana alisugua vizuri, kwa subira tusiyoijua kwake. Alipochovya pamba akatuuliza, "Mjomba, spiriti si najisi?" Tukamwambia wanazuoni wamekhitilafiana, wako walioiona najisi na wako walioona sivyo, na akinawa mikono kabla ya kusali atakuwa amewaridhisha wote. Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka tangu tufike.

Ndipo tukamwuliza swali ambalo lilipasa kuwa la kwanza: waya huu ulitoka wapi?

Akasema waya uliokuja na mashine kutoka Doha ulipotea zamani. Huu ni wa ile taa ya kuchaji, inayowashwa umeme ukipotea. Hutumiwa padi ikiisha chaji.

Subhanallah. Waya kamili wa USB wa aina hiyo una nyaya nne ndani yake: mbili za kupitisha umeme na mbili za kupitisha habari. Lakini nyaya nyingi zinazouzwa pamoja na taa, feni ndogo na redio zina mbili tu, zile za umeme, kwa kuwa taa haina habari ya kumwambia mtu. Kwa nje hufanana kama mapacha. Kichwa kile kile, unene ule ule, na ukichomeka vyote viwili huchaji. Waya wa taa utaijaza padi na taa ya chungwa itapumua, ila ukibonyeza kitufe cha kuoanisha hakuna neno litakalopita. Padi inasema, mashine inasikiliza, na baina yao hakuna ulimi. Fundi aliletewa padi nzima na waya bubu, akahukumu padi.

Saa mbili tulikuwa dukani kwa shemeji, ambako iko kompyuta ya hesabu. Tulichomeka simu yake ya zamani kwa waya ule: simu ikachaji, kompyuta haikuona kitu. Huo ndio mtihani, na mnaweza kuufanya nyumbani. Waya wa habari, simu ikiruhusiwa kutuma mafaili, utaiona simu imetokea kwenye kompyuta, na waya wa umeme mtupu hautaionyesha hata ukingoja mpaka magharibi. Tukaenda Makutano, mvulana pamoja nasi. Muuzaji wa kwanza aliposikia tunataka waya wa "data" alitupa wa kwanza uliomjia mkononi. Tukamwomba tuujaribu kwenye kompyuta yake kabla ya kulipa, akakataa, tukamshukuru tukatoka. Wa pili alikubali, simu ikatokea, tukalipa. Ulikuwa wa bei ndogo kuliko nauli yetu ya kutoka Embu hadi Meru.

Tulirudi nyumbani. Umbu letu alikuwa akichambua mchele barazani, akanyanyua macho, hakusema. Tukachomeka, na safari hii tukampa mvulana abonyeze yeye. Taa ikapepesa nyeupe, mara moja, mara mbili, ikatulia buluu. Binti mdogo akapiga ukelele uliomtoa baba yake chumbani kabla hajamaliza kufunga kikoi. Tukachomoa waya, na ikabaki buluu. Padi ilikuwa nzima. Haijaungua, haijavunjika, na kuanguka kule kitandani hakukuwa na lolote.

Likabaki swali moja, na tungependa kulinyamazia lakini hatuwezi. Ikiwa padi haikuharibika, kwa nini iliisahau mashine yake? Padi haiachi mwenzake bure. Ni lazima iwe ilioanishwa na kitu kingine. Tukauliza kwa sauti, mbele ya wote, ni nani aliyeiunganisha na chombo kingine. Mvulana akamtazama mama yake. Kisha akatutazama sisi.

"Mjomba, nilisema siku ile ile. Usiku wa Alhamisi binamu aliiunganisha na simu yake, akacheza mpira kitandani, ndipo ikaanguka. Mama akasema simu na padi wapi na wapi. Nikakwambia wewe kwa simu, ukasema nisimsingizie mgeni aliyekwisha ondoka."

Ni kweli. Alisema. Tulikumbuka hata mahali tulipokuwa tumesimama, ngazini kwetu, na jinsi tulivyolikata neno lake ili tuendelee na letu juu ya amana. Padi hizo huungana na simu za siku hizi kwa kubonyeza vitufe viwili, kile cha PS na kile cha SHARE, vikashikwa pamoja mpaka taa ipepese upesi upesi. Kijana yeyote anajua. Sisi hatukujua, na kutojua kwetu tukakufanya kuwa ushahidi dhidi ya mtoto.

Tulimpigia simu kijana wetu hapo hapo. Akaitika, "Ndiyo, baba, nilicheza kwa simu. Kwani ilisumbua?" Hakuwa na habari ya lolote. Asubuhi ile ya Ijumaa alipanda basi lake na padi imekwisha kufungwa kwake, na siku 13 zilizofuata mwenzake aliliwa na macho ya nyumba nzima.

Umbu letu aliweka ungo chini. Alimwita mwanawe kwa jina alilokuwa akimwita alipokuwa mdogo, ambalo hatutaliandika. Nasi tulimwomba radhi mpwa wetu mbele ya mama yake, baba yake, bibi yake na yule shahidi wa miaka 6, kwa maneno yasiyo na "lakini" ndani yake. Wako watakaosema mkubwa hamwombi radhi mtoto, atapanda kichwa. Twawajibu kwamba robo saa tuliyomhutubia ilisikika na wote, na haikuwa haki radhi iwe ya mafichoni. Hakupanda kichwa. Aliinamisha uso, akauliza kama bado iko nafasi kwenye gari la Mombasa.

Bibi yake ndiye aliyemaliza mambo ya nyaya. Alikata uzi mwekundu, akaufunga kwenye waya mpya karibu na kichwa chake, akautundika kwenye msumari juu ya televisheni. Ule wa taa akaurudisha kwenye taa. Asiyejua kusoma, alisema, ataona uzi. Tunawashauri mfanye vivyo hivyo, kwani waya wa habari na waya wa umeme mtupu vikilala droo moja, baada ya mwezi hakuna atakayevitofautisha. Na mgeni akitaka kucheza kwa simu, aruhusiwe au akatazwe kwa uamuzi wenu, ila akimaliza airudishe padi kwa mashine yake kabla hajaondoka. Ni kazi ya nusu dakika.

Tuliondoka Meru Jumatatu alfajiri, watu watatu tulioingia tukatoka wanne, na mvulana alilala begani kwetu kuanzia Chuka. Kijana wetu alikuja kutupokea kituoni. Tulikuwa tumeapa kutosema neno mpaka nyumbani, na hatukusema. Yeye mwenyewe alichukua begi la binamu yake, wakatangulia mbele wakinong'onezana, na sisi tukafuata nyuma na mukimo uliobaki kwenye kapu.

Wiki ijayo, inshaallah, tutalijibu suala la dada wa Kisauni aliyeuliza juu ya nyumba ya urithi yenye wapangaji.